Tezi ya Shingo, Ujauzito na Malezi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi ni mkunga, Dodoma mjini. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa na wajawazito wenye matatizo ya tezi ya shingo, wengine wakiwa wametoka Chamwino, Bahi au Kongwa na mtoto mwingine mgongoni. Nimeyaacha karibu na maneno yao. Majibu hayachukui nafasi ya daktari wako, kwa sababu yeye ndiye mwenye karatasi zako za maabara. Yatakusaidia ujue cha kumwuliza, maana muda wa kukaa naye ni mfupi.

## Mambo ya msingi

Tezi hii iko wapi, na ina kazi gani?

Iko mbele ya shingo, chini kidogo ya kongomeo. Hospitali wanaiita thairoidi. Hutengeneza homoni zinazoamua mwili uende kwa kasi gani: mapigo ya moyo, joto la mwili, choo, hedhi, hata wepesi wa kufikiri. Ikitoa homoni pungufu, mwili mzima huzubaa. Ikitoa nyingi mno, mwili hukimbia hata ukiwa umekaa.

Kwa mjamzito kuna la ziada. Tezi ya mtoto huanza kazi karibu na wiki ya 12, na haijitegemei vizuri mpaka wiki ya 18 hadi 20 hivi. Kabla ya hapo anatumia homoni ya mama, na ni katika wiki hizohizo ubongo wake unapoanza kujengwa. Sasa linganisha na desturi yetu ya kuificha mimba mpaka mwezi wa nne au wa tano ndipo mtu aanze kliniki. Kwa mwenye ugonjwa wa tezi, huko ni kuja wakati kazi kubwa imeshapita. Hili nitalirudia tena na tena, nivumilie.

Mbona kliniki wamenipima kila kitu lakini tezi hawakupima?

Kwa sababu haimo kwenye vipimo vya kawaida vya hudhurio la kwanza. Utapimwa wingi wa damu, VVU, kaswende, malaria, mkojo na shinikizo la damu. Tezi hupimwa kwa mwenye sababu: aliyewahi kuugua tezi au kufanyiwa upasuaji wa shingo, mwenye goita (uvimbe wa tezi shingoni), mwenye mama au dada mwenye ugonjwa huo, mwenye kisukari kilichoanza utotoni, aliyeharibikiwa na mimba zaidi ya mara moja, au aliyehangaika muda mrefu kushika mimba. Kama moja kati ya hayo linakuhusu, sema mwenyewe hata kama hujaulizwa. Nesi mwenye benchi limejaa hadi nje hawezi kukisia.

Nitajuaje kama ni tezi au ni mimba tu?

Kwa dalili peke yake, mara nyingi hutajua. Uchovu, choo kigumu, nywele kukatika, kusahau, kuongezeka uzito: vyote ni vya mimba na vyote ni vya tezi iliyopoa, yaani inayotoa homoni pungufu. Kinachonishtua mimi ni kupitiliza. Mwanamke anayejifunika blanketi mchana wa Oktoba hapa Dodoma, wakati wenzake wanatafuta kivuli, huyo namwandikia kipimo. Vivyo hivyo anayeongea kwa sauti iliyokuwa nzito ghafla, au aliyevimba uso huku shinikizo lake la damu na mkojo viko sawa.

Upande wa pili, tezi inayokimbia, yaani inayotoa homoni nyingi mno, huonekana kwa moyo kwenda mbio ukiwa umepumzika, mikono kutetemeka, jasho lisiloisha, macho kutokeza, na uzito kutopanda au kushuka ingawa unakula.

Upungufu wa damu nao huleta uchovu na moyo kwenda mbio, na kwetu ndio unaoonekana zaidi. Mtu anaweza kuwa navyo vyote viwili, kwa hiyo majibu mabaya ya damu yasifunge mjadala.

Karatasi inasema TSH iko juu. Mbona daktari ananiambia homoni yangu iko chini?

Swali hili huwachanganya hata watu waliosoma. TSH haitoki kwenye tezi. Inatoka kwenye ubongo, na kazi yake ni kuiamrisha tezi ifanye kazi. Tezi ikizembea, ubongo huongeza amri, TSH inapanda. Tezi ikizidisha, ubongo hunyamaza, TSH inashuka. TSH juu, homoni pungufu. TSH chini, homoni nyingi.

Kwa mjamzito anayetumia dawa ya kuongeza homoni, lengo la kawaida ni TSH iwe chini ya 2.5. Usiogope ukiona karatasi ya maabara imeandika kwamba 4 ni sawa. Viwango hivyo mara nyingi ni vya mtu asiye na mimba.

Nina goita tangu nikiwa msichana. Lazima nitakuwa mgonjwa?

Hapana. Shingo inaweza kuvimba na homoni zikawa sawa kabisa, na shingo inaweza kuwa nyembamba na homoni zikawa zimeharibika. Uvimbe hauleti jibu, kipimo ndicho kinacholeta. Ukiona unakua haraka, una vinundu vigumu, unakubana pumzi ukilala chali au sauti inakauka, usisubiri tarehe ya kliniki.

## Dawa

Nimegundua nina mimba wiki hii na natumia levothairoksini. Niache nisije nikamdhuru mtoto?

Usiache. Nikiambiwa nichague jibu moja tu la kubandika ukutani kliniki, ningechagua hili. Levothairoksini ni homoni ileile ambayo tezi yako ingetoa kama ingekuwa nzima. Kinachomdhuru mtoto ni kuikosa: mimba kuharibika, shinikizo la damu la ujauzito, kujifungua kabla ya wakati, mtoto kuzaliwa na uzito mdogo, na ubongo wake kuathirika.

Dozi haipunguzwi pia, huongezwa. Mahitaji hupanda kwa robo hadi nusu, na hupanda mapema, kuanzia wiki ya 4 hadi ya 6, wakati wengine hawajajua hata kama hedhi imechelewa. Madaktari wengi hutumia utaratibu wa kutoka vidonge 7 kwa wiki kwenda 9, yaani siku mbili za wiki unakunywa viwili. Kubaliana na daktari wako kuhusu mpango huu kabla hujashika mimba, ili siku kipimo cha mkojo kikionyesha mistari miwili ujue cha kufanya bila kungoja miadi. Kisha TSH hupimwa kila baada ya wiki 4 mpaka nusu ya mimba, na tena karibu na wiki ya 30.

Niinywe saa ngapi?

Tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula chochote. Chai ya maziwa nayo ni chakula. Uji wa lishe wenye soya usogeze mbali zaidi, kwa sababu soya huzuia dawa isifyonzwe.

Ushauri huu ni mwepesi kuandika. Asubuhi ya mama mwenye watoto watatu ina sare ya shule, moto wa uji na mtoto anayelilia kiatu kimoja, na nusu saa ya kukaa bila kula haipatikani. Waliofanikiwa wengi wao hutumia ujauzito wenyewe. Mjamzito huamka alfajiri kwenda kukojoa, upende usipende. Weka kidonge kimoja na kikombe cha maji kilichofunikwa karibu na kitanda, mahali mtoto hafiki. Ukirudi kutoka msalani saa 10 au 11 alfajiri, meza, rudi ulale. Ukiamka saa 12, muda wa kungoja kabla ya kula umeshapita.

Asiyeweza hivyo anywe usiku, masaa 3 au zaidi baada ya chakula. Chagua wakati mmoja ushikamane nao.

Na vidonge vya kuongeza damu?

Muhimu, na usiviache. Ila madini ya chuma hushikana na levothairoksini tumboni na kuifanya ipite bure. Tenganisha kwa masaa 4. Utaratibu mzuri ni tezi alfajiri, damu usiku baada ya kula. Kalsiamu na dawa za kiungulia zina tabia hiyohiyo, nazo ziwe mbali kwa masaa 4.

Nimeona akina mama waliopandishiwa dozi mara mbili bila TSH kushuka, kumbe kila asubuhi wanameza vyote kwa pamoja ili wasisahau. Kabla hujakubali dozi nyingine, eleza hasa unavyokunywa.

Nimesahau siku moja. Nimetapika. Nifanyeje?

Levothairoksini hutoka mwilini polepole, nusu yake hubaki hata baada ya wiki, kwa hiyo siku moja haiharibu kitu. Ukikumbuka mchana, tafuta wakati tumbo liko tupu umeze. Ukikumbuka kesho yake, muulize daktari kama akuruhusu umeze viwili. Kwa dawa hii wengi huruhusu. Ukitapika ndani ya nusu saa, rudia. Anayetapika kila asubuhi ahamishie dawa usiku. Usitumie utaratibu huu kwa dawa za kupunguza homoni zilizo kwenye sehemu inayofuata.

Nyumba yetu ya bati inawaka moto mchana. Dawa inaharibika?

Inaweza. Levothairoksini haipendi joto, mwanga wala unyevu. Iache ndani ya pakiti yake, kwenye sehemu yenye ubaridi kuliko zote ndani ya nyumba, ambayo kwa kawaida ni chini karibu na sakafu, ndani ya kasha lenye kufuli kwa ajili ya watoto. Si jikoni, si dirishani, si kwenye pochi unayotembea nayo juani siku nzima. Vidonge hivi ni vidogo na wadogo huvidhania pipi. Mtoto akimeza, mpeleke kituoni na pakiti mkononi.

Naweza kufunga Ramadhani?

Dini imempa mjamzito ruhusa ya kutofunga, na mwenye tezi ambayo bado haijatulia namshauri aichukue. Kwa wale ambao daktari ameridhia, wengi wao kutoka Kondoa, dawa hunywewa ama kabla ya kulala, masaa 3 baada ya futari, ama nusu saa kabla ya daku. Kuikatisha mwezi mzima haimo kwenye ruhusa yoyote.

## Tezi inayokimbia

Natumia kabimazoli na nimeshika mimba. Niendelee?

Hapa jibu ni tofauti na la levothairoksini, na ni la haraka. Muone daktari siku hiyohiyo au kesho yake, usingoje miadi ya mwezi ujao. Kabimazoli, ambayo ni dawa ya kupunguza homoni, ikitumika hasa wiki ya 6 hadi ya 10 inaweza kumletea mtoto kasoro za maumbile. Kwa miezi ya mwanzo madaktari hubadilisha kwenda PTU, dawa nyingine ya kupunguza homoni, na baada ya wiki ya 16 hivi wanaweza kurudisha kabimazoli, kwa kuwa PTU nayo ina hatari yake kwenye ini. Wapo ambao ugonjwa umetulia kiasi kwamba dawa husimamishwa kabisa huku wakifuatiliwa kwa karibu.

Usiamue mwenyewe kuacha. Homoni zikipanda bila kudhibitiwa moyo unaweza kushindwa kazi, na mimba iko hatarini vilevile. Kama bado hujashika mimba lakini unataka, hilo ndilo jambo la kuzungumza sasa.

Niko wiki ya 10, natapika sana, na TSH imesoma chini kabisa. Nina ugonjwa wa tezi?

Huenda hapana. Homoni ya mimba yenyewe huisisimua tezi katika miezi 3 ya mwanzo, na kwa anayetapika sana au mwenye mapacha TSH inaweza kushuka mno. Kwa wengi hali hii hutulia yenyewe baada ya wiki ya 14 hadi 18 bila dawa za tezi. Kinachohitajika ni maji, dawa ya kutapika, na kupima tena. Daktari atatafuta tofauti: goita, macho yaliyotokeza, au dalili zilizokuwepo kabla ya mimba huelekeza kwenye ugonjwa wa Graves, ambao kinga ya mwili huisukuma tezi itoe homoni nyingi mno.

Nimepata homa na koo linauma wakati natumia kabimazoli au PTU.

Acha kidonge, nenda hospitali leo, uwaambie unatumia dawa hiyo, upimwe chembe nyeupe za damu. Kwa watu wachache dawa hizi huangusha kinga ya mwili. Usinunue antibiotiki duka la dawa ukaendelea na kazi. Macho kuwa ya njano, mkojo mweusi na maumivu upande wa kulia wa tumbo, vilevile.

## Chakula, chumvi na udongo

Chumvi gani nitumie?

Yenye madini joto, iliyofungwa kwenye pakiti inayosema hivyo. Mjamzito na anayenyonyesha wanahitaji mikrogramu 250 za madini joto kwa siku, dhidi ya 150 za mtu mzima mwingine, na ubongo wa mtoto hauna njia nyingine ya kuyapata. Chumvi ya kienyeji inayopimwa kwa kopo sokoni, bei nafuu, ladha nzuri, mara nyingi haina.

Madini joto hupotea kwa jua, unyevu na moto. Weka chumvi kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jiko, na uitie chakula kikikaribia kuiva. Sisemi uongeze chumvi, badili aina tu. Na kama tezi yako imeharibiwa na kinga ya mwili, au ilitolewa, chumvi haitachukua nafasi ya kidonge.

Nimeambiwa uwele, mihogo na kabichi ni sumu kwa mwenye tezi. Na mlenda?

Mlenda hauna kesi. Kula.

Kuhusu uwele kuna ukweli ndani yake, na sisi wa Dodoma inatuhusu kuliko watu wa pwani. Uwele una viini vinavyozuia tezi kutumia madini joto, na huko Darfur, Sudan, watafiti waliuhusisha na goita katika jamii ambazo uwele ndio chakula kikuu na madini joto ni haba. Mihogo isiyolowekwa na kukaushwa vizuri ina tatizo la namna hiyo, na kabichi kwa kiasi kidogo. Vyakula hivyo huleta shida pale mambo mawili yanapokutana: unakula hicho karibu kila siku, na chumvi yako haina madini joto. Tumia chumvi sahihi, changanya ugali wa uwele na wa mtama au mahindi kwa zamu, pika kabichi badala ya kuila mbichi, na uendelee na maisha. Sijawahi kumkataza mtu ugali wa kwao.

Nakula udongo. Siwezi kuacha.

Hauko peke yako, na sikusemi. Hamu ya udongo mara nyingi huja pamoja na upungufu wa madini ya chuma, kwa hiyo pima damu. Kwa mwenye tezi kuna shida ya pili: udongo hunasa dawa tumboni. Kama bado hujaweza kuuacha, angalau uwe mbali na kidonge kwa masaa 4, na uniambie, ili TSH ikigoma kushuka tusitafute mchawi.

Dawa za asili, mwani, au kuchanjwa shingoni?

Kuchanja hakupunguzi goita, huleta vidonda na maambukizi. Mwani na matone ya madini joto yanayouzwa mitaani yanaweza kuwa na dozi kubwa mno, na madini joto yakizidi huvuruga tezi ya mama na ya mtoto aliye tumboni. Mizizi ambayo muuzaji hawezi kukutajia ni ya nini, siwezi kukusaidia kuipima. Ukiwa umeshatumia, sema. Hakuna atakayekufokea ukikutana na mtu mwenye akili zake.

## Nyumba, mume na watoto

Nimechoka mpaka nalia, na watoto hawajui kama mama anaumwa. Nifanyeje?

Kwanza, ujue kwamba dawa haifanyi kazi kama ya malaria. Ukianza au ukiongezewa dozi, nafuu huanza kuonekana baada ya wiki kadhaa, mara nyingi 4 hadi 6. Panga mwezi huo kama mwezi wa uzazi, omba msaada mapema kabla hujaanguka.

Pili, angalia kazi yenye uzito kuliko zote. Kwa wengi mtaani kwetu ni maji. Siku ya mgao yanatoka saa 8 usiku, mama ndiye anayeamka kujaza madumu na mapipa, na saa 11 yuko macho tena kwa ajili ya shule. Mwanamke wa Nkuhungu niliyemhudumia hakupata nafuu kwa kuongezewa dawa. Alipata nafuu mume alipochukua zamu ya maji. TSH ilikuwa imeshakaa sawa muda mrefu, usingizi ndio ulikuwa haupo.

Watoto waambie ukweli wa kimo chao. Mtoto wa miaka 8 anaelewa kwamba mama anakunywa dawa shingo iamke, na ataikumbuka kuliko wewe. Punguza yanayopungua: pasi ya sare, mboga mbili mezani, kufagia uwanja kila siku kwenye upepo huu wetu ambao jioni umerudisha vumbi lote.

Huzuni isiyoondoka, kukosa hamu ya kila kitu au mawazo ya kujidhuru, usiyaweke kwenye kapu la uchovu. Tezi inaweza kuyaleta, lakini yana tiba yake pia. Yaseme kliniki.

Mama mkwe anasema mimba si ugonjwa, nisizoee vidonge.

Ana haki ya kusema hivyo, yeye alizaa saba akilima. Usibishane naye kwa TSH. Wenzako wengine humwambia hivi: "Mama, hiki ni chakula cha mtoto, daktari amenipimia." Si uongo. Ukiweza, njoo naye hudhurio moja, tutaongea naye kwa heshima yake.

Mume naye aje. Vituo vingi huwahudumia mapema waliokuja na wenza wao, na mwanaume aliyemsikia mhudumu mwenyewe hahitaji kushawishiwa tena kutoa hela ya kipimo.

Vipimo ni ghali. Nikiwa sina hela ya kila mwezi?

Zahanati kwa kawaida haina kipimo hiki. Utakipata hospitali kubwa za mjini, kama ya Benjamin Mkapa, au maabara binafsi. Uliza kwanza bima yako inagharamia nini, usikute mshangao dirishani.

Kwa anayetumia levothairoksini, TSH peke yake mara nyingi inatosha kufuatilia. Si lazima kulipia kifurushi kizima kila safari. Ukiwa na uwezo wa vipimo vichache tu, ningeweka hela kwenye hivi: mara ujuapo una mimba, wiki 4 baada ya kila badiliko la dozi, na wiki ya 30. Mwambie daktari wazi kwamba hela ni kikwazo. Daktari asiyejua ataandika vyote, nawe utaviacha vyote.

## Kujifungua na baada yake

Nijifungulie wapi? Nitapasuliwa?

Tezi iliyodhibitiwa si sababu ya upasuaji. Unaweza kusukuma kama mwingine. Anayehitaji hospitali kubwa ni mwenye tezi inayokimbia ambayo haijatulia, au goita kubwa inayobana njia ya hewa, kwa sababu mtaalamu wa usingizi anatakiwa ajue mapema. Weka vidonge kwenye begi la kujifungulia pamoja na kanga na kadi, na uendelee kumeza wodini. Wodi hazina dawa hii kila mara.

Dozi ya levothairoksini irudi chini lini?

Siku chache tu baada ya kujifungua, kwenye kiwango cha kabla ya mimba, isipokuwa daktari ameelekeza vingine. Kisha TSH wiki ya 6. Mtoto ana chanjo wiki hiyohiyo. Nauli moja, kazi mbili.

Naweza kunyonyesha?

Ndiyo. Levothairoksini haina shida yoyote. Kabimazoli na PTU kwa dozi za kawaida zinaruhusiwa kwa usimamizi wa daktari, dawa inywewe baada tu ya kunyonyesha. Kisichochanganyika na kunyonyesha ni tiba ya mionzi, yaani madini joto yenye mionzi yanayotumika kuua chembe za tezi.

Mtoto apimwe?

Kwetu watoto wachanga hawapimwi tezi kwa utaratibu wa kawaida, kwa hiyo omba. Kama mama ana ugonjwa wa Graves, au aliwahi kuwa nao hata kama tezi ilishatolewa, kipimo ni cha lazima, kwa sababu viini vya kinga vya mama hupita kwenye kondo la nyuma na vinaweza kuisisimua tezi ya mtoto. Akiwa tumboni moyo wake huangaliwa, akizaliwa anachunguzwa kwa siku kadhaa.

Kwa mtoto yeyote, angalia manjano inayozidi wiki 2, choo kigumu, kulala mno mpaka umwamshe kunyonya, ulimi mkubwa, kilio cha kukwaruza, mwili baridi, kitovu kinachotokeza. Mtoto aliyezaliwa na tezi dhaifu akianza kidonge ndani ya wiki 2 za mwanzo kwa kawaida hukua na akili yake timamu. Akicheleweshwa, kilichopotea hakirudi.

Mtoto ana miezi 4. Nilikuwa na wasiwasi na moyo mbio, sasa nimepoa na nywele zinaisha. Ni uzazi?

Inaweza kuwa tezi kuvimba baada ya uzazi, inayowapata karibu wanawake 5 kati ya 100, hata wasiowahi kuugua. Kawaida huanza kwa kukimbia miezi 2 hadi 6 baada ya kujifungua, halafu inapoa, na kwa wengi hurudi sawa ndani ya mwaka. Baadhi hubaki na upungufu wa kudumu. Kwa kuwa kila mtu atakwambia ni kunyonyesha tu, wewe ndiwe utakayelazimika kuomba kipimo. Mimba ijayo, taja historia hii hudhurio la kwanza.

## Hali za pekee

Nilipata tiba ya mionzi ya tezi hospitali ya saratani ya Ocean Road. Naweza kushika mimba?

Subiri angalau miezi 6 tangu tiba, na homoni ziwe zimetulia. Ukishika mimba kabla ya hapo, nenda kwa daktari bila kuona haya.

Natumia dawa za kifua kikuu au kifafa.

Rifampisini, fenitoini na kabamazepini huimaliza levothairoksini haraka mwilini, hivyo dozi huhitaji kupandishwa. Waambie kliniki zote mbili, kwa sababu kadi hizo hazionani.

Uzazi wa mpango upi unafaa?

Njia zote zinawezekana kwa upande wa tezi. Vidonge vyenye estrojeni vinaweza kuongeza mahitaji ya levothairoksini, kwa hiyo pima TSH wiki 6 hadi 8 baada ya kuvianza.

Nakunywa vitamini za kukuza nywele. Zina shida?

Nyingi zina bayotini, ambayo huidanganya mashine ya maabara na kutoa majibu ya tezi yasiyo ya kweli. Acha angalau siku 2 kabla ya kutoa damu. Ikiwa dozi ni kubwa, muulize mtu wa maabara uongeze siku ngapi. Na kama nywele zinakatika kwa sababu ya tezi, hela hiyo ingelipa kipimo.